Kuhamia Tabora: Kupanga Nyumba au Kununua?



Mtu anapohamishwa kutoka mji wake kwenda mji mwingine, iwe kwa kazi ya serikali, au kwa biashara, au kwa ajili ya masomo ya watoto, jambo la kwanza alifikirialo ni nauli, na la pili ni mizigo. Nyumba ya kukaa huikumbuka akiisha kushuka stesheni. Hapo dalali wa kwanza amjiaye ndiye amchaguliaye mtaa, na majirani, na msikiti, na shule ya watoto, na pengine hasara pia. Mwaka juzi mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alihamishwa kutoka Kigoma kwenda Tabora, na mama yake, yaani dada yangu, aliye mjane, akanitaka nifuatane nao. Nimeona yafaa niandike tuliyoyaona, maana njia ya Ujiji hata Tabora ni njia ya kale, na wengi waliopita humo kabla yetu walikuwa na swali hili hili: nijenge hapa, au nilale tu niondoke?

Sharti kwanza niwaeleze fedha iliyokuwapo ilikuwa ya nani, kwa kuwa hapo ndipo ulipo uzito wa maneno yote yajayo. Marehemu shemeji yangu aliacha nyumba moja Ujiji, mke, kijana huyo mwalimu, na binti ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nyumba ikauzwa, madeni yakalipwa, na kilichobaki kikagawiwa mafungu 24. Mama akapata mafungu 3, ndiyo thumni yake. Kijana akapata 14. Binti akapata 7. Walakini fedha yote iliwekwa benki mahali pamoja, na fedha ikikaa pamoja huanza kuonekana kama ya mtu mmoja.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, kupanga ni kutupa fedha. Kodi ikishatoka hairudi. Tukifika Tabora tununue mara moja, mama apumzike." Neno lake lilikuwa la mapenzi kwa mama yake, wala sikulidharau. Lakini nilimwuliza, "Tununue kwa mafungu mangapi?" Akanyamaza.

Tuliondoka Kigoma kwa gari la moshi. Kutoka huko mpaka Tabora ni kiasi cha kilometa 400. Reli hii Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata upande ule ule walioufuata watu wa misafara. Mtu akikaa dirishani aweza kuwaza habari zao. Uvinza chumvi ilikuwa ikipikwa tangu zamani sana, na misafara ilipita hapo kuinunua. Mto Malagarasi walivuka kwa mitumbwi, na mwenye mitumbwi alidai ushuru wake kwanza. Njia nzima kutoka Bagamoyo hata Ujiji iliendewa kwa miguu, mizigo ikiwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Hao wapagazi wana fundisho katika jambo letu. Njiani walilala katika makambi, vibanda vya miti na majani vilivyozungushiwa boma la miiba. Msafara ukiondoka, vibanda vikabaki, na msafara mwingine ukija ukaviingia, ukarekebisha palipobomoka. Hakuna aliyeviita vyake. Walakini Mnyamwezi huyo huyo aliyelala katika kibanda kisicho chake miezi mingi, akirudi kwao kabla ya mvua alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watu waliomjua kwa jina. Alijua palipo pa kulala na palipo pa kuishi, na hakuchanganya.

Asubuhi tulipita Kaliua, kisha Urambo. Urambo ndiyo nchi iliyobeba jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuifunga na kuifungua njia hii kama mtu afunguaye mlango wake. Lakini mimi nilimwonyesha mpwa wangu Urambo kwa habari nyingine. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga kwa wingi katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza mwaka 1947. Mitambo ikaletwa kwa meli, misitu ikang'olewa, nyumba za wafanyakazi zikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yalikwisha potea. Walijenga kwanza, mvua na udongo wakaviuliza baadaye. Ikiwa dola yenye wataalamu wengi yaweza kupatwa na hayo, seuze mwalimu wa shule ya msingi mwenye mafungu 14.

Tabora tulifikia kwa jamaa. Kabla ya kuonana na dalali yeyote, nilitaka dada yangu na wanawe wauone kwanza mji na wajue umekaaje. Basi siku ya pili tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, palipo na tembe lililohifadhiwa kuwa nyumba ya makumbusho. Kwihara na Ujiji ni miongoni mwa mahali sita pa njia hii ambapo Tanzania ilipaandikisha kwa UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Nyumba ina kuta nene za udongo, na mlango wa kuchongwa kwa ufundi wa pwani, nao uko mbali na bahari mwendo wa miezi mitatu kwa miguu. Wala si haki kuusifu ufundi ule tukanyamaza juu ya watumwa na pembe zilizopitishwa mbele ya milango hiyo. Uzuri na dhulma vilikaa nyumba moja.

Dr. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Alifika na Stanley mwezi wa Februari, Stanley akaendelea pwani, na yeye akangoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti. Miezi sita katika nyumba isiyo yake! Wala hakujenga, maana alijua kwamba anangoja tu. Kabla yake, mwaka 1857, Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakakaribishwa na Sheikh Snay bin Amir, mtu wa Oman. Yeye alikuwa amekwisha kujenga, na Waarabu wenzake vivyo hivyo: majumba makubwa yenye nyua, ghala, visima na bustani za miembe na ndizi.

Sasa msomaji aangalie jambo hili. Majumba yale yalisimama juu ya ardhi ya Unyanyembe, kwa idhini ya mtemi. Mtemi Fundikira alipofariki akatawala Mnywa Sere, naye akadai ushuru wa bidhaa. Waarabu wakakataa, na katika mwaka 1860 wakamtoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Vita vikawaka miaka kadhaa, njia zikafungwa, mali ikapotea, na Snay bin Amir mwenyewe akauawa katika vita hivyo. Walikuwa na kuta nene, lakini amani na wenye nchi hawakuwa nayo. Dada yangu aliisikiliza hadithi hii akiugusa ule mlango, kisha akasema, "Kumbe mtu aweza kuwa na nyumba asiwe na mahali." Kijana hakujibu, ila nilimwona amelisikia.

Kuanzia siku ya tatu tukaanza kutafuta. Dalali tuliyempata alikuwa mtu mchangamfu sana, mwenye simu mbili, na katika siku nne tulizotembea naye hakutuonyesha kiwanja kibaya hata kimoja. Vyote vilikuwa vizuri, vyote vilikuwa na mteja mwingine aliyekuwa njiani anakuja na fedha taslimu, na vyote vilitakiwa vilipiwe kabla ya magharibi.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa nje ya mji. Ulikuwa mwezi wa Agosti, ardhi kavu, nyeusi, imepasuka nyufa za kuingia kiganja. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko vyote. Mpwa wangu akafurahi, akapima kwa hatua mahali pa sebule. Dada yangu alikuwa amesimama pembeni, akainama, akang'oa kitu akanionyesha. Lilikuwa bua la mpunga. Akamwuliza dalali, "Baba, hapa hulimwa mpunga?" Dalali akasema mpunga ule ni wa mbali, umeletwa na upepo. Basi ndugu zangu, anayejua nchi ya Unyamwezi anajua mbuga ni nini. Ni bonde la udongo mweusi, ambalo wakati wa kiangazi hufanana na uwanja wa mpira, na wakati wa mvua hugeuka ziwa. Tabora haina mvua za vuli na masika mbalimbali kama pwani. Ina msimu mmoja, toka Novemba hata Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mtu akija Agosti huiona nusu tu ya mji.

Cha pili kilikuwa nyumba ya zamani, upande wa Gongoni, nayo ndiyo iliyotutamanisha sisi sote. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, vyumba sita pande mbili za ukumbi, ua nyuma wenye mwembe na kisima. Msikiti karibu, madrasa karibu, soko si mbali. Aliyetaka kuiuza alikuwa mzee mpole aliyetukaribisha kahawa. Nikamwuliza, "Hii nyumba uliijenga mwenyewe?" Akasema, "La, ni ya babu." "Na babu aliacha watoto wangapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vikamwishia. Wengine wako Mwanza, wengine Dar es Salaam, mmoja hajulikani alipo. Mirathi haikupata kugawiwa. Mzee hakuwa mwizi. Yeye ndiye aliyekaa, akatengeneza paa na kulipa kodi ya serikali, na moyoni mwake nyumba ilikuwa imekwisha kuwa yake. Lakini katika sheria ya dini na ya nchi pia, mtu hauzi fungu la mwenziwe.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa katika miji yetu ya zamani, Tabora, Ujiji, Bagamoyo, Pangani, hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, nayo haionekani kwa macho kama ufa. Mnunuzi hulipa, huhamia, hupaka chokaa, na baada ya miaka mitatu hufika mjukuu kutoka mbali na wakili wake. Mnunuzi anayehitaji usalama asiridhike na sahihi ya mrithi mmoja. Atake kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na warithi wote waliotajwa wajue habari ya mauzo. Na muuzaji akiwa na mke anayeishi katika nyumba hiyo, atake na ridhaa ya mke kwa maandishi, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wana ndoa kuiuza nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mwenzake. Kisha aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi, ajue kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Serikali ya mtaa inasaidia kumtambulisha muuzaji na majirani, lakini mhuri wa mtaa peke yake si hati. Tena tujue kwamba kwa Sheria za Ardhi Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999, ardhi yote ya nchi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais; tunachonunua ni haki ya kuikalia na kuitumia. Mambo ya leo si mbali na ya zama za mtemi kama tunavyodhani.

Cha tatu hakikuwa cha kununua. Kilikuwa vyumba viwili na sebule Ng'ambo, katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima. Alitaka kodi ya miezi sita mbele. Choo cha pamoja, mita ya umeme ya pamoja, na hiyo mita ya pamoja, wallahi, imevunja undugu mwingi katika nyumba za kupanga. Bora watu wakubaliane siku ya kwanza nani ananunua umeme na kwa kiasi gani.

Usiku ule tukakaa, na mimi nikachukua daftari, maana mwalimu hawezi kusema bila ya kuandika. Nikamwambia mpwa wangu, tuchukue mfano tu: nyumba ya shilingi 30,000,000, na kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka ni 1,800,000. Ukigawa, utaona kwamba bei ya nyumba ni sawa na kodi ya miaka 16 na miezi 8, na hapo hujahesabu paa, mchwa, choo, wala gharama za kuhamisha hati. Mwalimu aweza kuhamishwa tena baada ya miaka mitatu. Je, huyo aliyelipa kodi miaka mitatu ametupa fedha? Kodi ni thamani ya manfaa. Umelala, umestirika, watoto wamesoma. Umepata ulicholipia, kama vile nauli ya gari la moshi haikutupwa ijapokuwa gari hukulinunua.

Na kwa upande wa pili sikumficha haki yake. Mtu akipanga maisha yake yote, uzeeni atakuwa akiogopa sauti ya mwenye nyumba. Na fedha iliyokaa tu benki hupungua nguvu mwaka hadi mwaka, kwa kuwa bei za vitu hupanda. Tena kijana akiiona ndogo, atashawishika kuiongezea mkopo wa riba, na huo ni mlango ambao Mwislamu hauingii. Siku hizi zimo benki zinazofuata taratibu za Kiislamu nchini, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, na mwenye haja aulize huko, asome mkataba wao mpaka mwisho kama asomavyo wa wengine. Basi kununua ni jambo jema. Tulichobishania ni wakati wake, na fedha ya nani.

Dada yangu ndiye aliyelimaliza. Alikumbusha habari ambayo kila mtoto wa madrasa ameisoma, kwamba Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina hakuanza kwa kujenga nyumba. Alikaa katika nyumba ya Abu Ayyub Al-Ansari kiasi cha miezi saba, mpaka msikiti na vyumba vyake vilipokuwa tayari. Na kile kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure, naye hakukubali ila kwa bei. Kisha akamtazama mwanawe akasema, "Na huyu mdogo wako ni yatima." Hakuongeza neno. Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Tupange, mama."

Tukapanga Ng'ambo, kwa mkataba wa maandishi: kiasi cha kodi, muda, nani atengenezaye kinachoharibika, na notisi ya miezi mingapi kila upande. Mwezi wa Januari nikarudi kuwatazama. Nilipofika, mpwa wangu alinichukua jioni kwa baiskeli mpaka kwenye kile kiwanja cha kwanza. Tulisimama barabarani, kwa kuwa mbele palikuwa maji, na ndani ya maji mpunga wa kijani umesimama vizuri kabisa. Katikati yake palikuwa na msingi wa tofali, mistari minne, wa mtu mwingine aliyenunua baada yetu. Hatukucheka.

Katika mwaka ule walijifunza mambo ambayo dalali hawezi kuyajua. Walijua ni mitaa gani bomba hutoa maji kila siku na ipi hungoja. Kwani ijapokuwa maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora miaka hii ya karibuni, kuyafikisha mjini si sawa na kuyafikisha kila ua. Walijua binti atembea dakika ngapi mpaka shuleni, na njia ipi ina giza. Na dada yangu, aliyekuja hamjui mtu, alipougua homa mwezi wa Machi alipikiwa uji na wanawake wa nyumba tatu.

Ile nyumba ya Gongoni bado hatujainunua, lakini hatujaiacha. Yule mzee aliwaita nduguze, wakakutana, wakachagua mmoja wao kuwa msimamizi, na shauri lao liko Mahakama ya Mwanzo. Hata yule asiyejulikana alipo alipatikana. Yuko Kahama, anauza mchele. Bei imekubaliwa kwa maneno, na hakuna senti iliyotolewa mpaka barua ya mahakama ionekane. Wakili ametueleza kwamba watu waweza kuimiliki nyumba pamoja kwa hisa zilizotajwa, na hisa ya mtoto ikashikwa na mdhamini mpaka afikie utu uzima. Basi endapo mauzo yatakamilika, hati itaandikwa mafungu 3 ya mama, 14 ya kijana, na 7 ya binti, ambaye sasa yuko darasa la saba, na ambaye alipoambiwa habari hizi aliuliza jambo moja tu: chumba chake kitakuwa kipi katika vile sita.